Nyuzi Chini ya Maneno

Mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, kijana Saleh Jabir alishiriki shindano lililoitwa Yo! Rap Bonanza, akachana kwa Kiswahili. Zama zile vijana waliopenda rap walikariri mistari ya Wamarekani neno kwa neno, na aliyesifiwa ni yule aliyeiga vizuri zaidi. Saleh alichukua wimbo uliokuwa ukitamba duniani, "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, akayaacha maneno yake na kutunga mengine ambayo mtu wa Kariakoo angeyaelewa bila mkalimani. Akashinda. Kaseti yake, Swahili Rap, ilisambaa mwaka huohuo, na tangu hapo wengi wanaosimulia mwanzo wa hip hop ya Tanzania humtaja yeye mapema.

Masimulizi hayo kwa kawaida huishia kwenye maneno, na si vibaya, kwa kuwa lugha ndiyo iliyofungua mlango. Mimi nataka tusikilize kilichokuwa chini ya maneno. Chini kulikuwa na besi: sauti moja inagongwa mara kadhaa kwa mfululizo, inashuka ngazi moja ndefu, inanyamaza kidogo, kisha inaanza upya. Mtu akiisikia mara moja hawezi kuisahau. Na besi hiyo haikutoka kwenye hip hop. Ilitoka kwenye roki.

Ilirekodiwa mwaka 1981 mjini Montreux, Uswisi, bendi ya Queen ilipokutana studioni na David Bowie wakatengeneza "Under Pressure". Mpigaji wa besi alikuwa John Deacon. Mwimbaji wa Queen tunamfahamu hata tusiokuwa wapenzi wa roki: Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi, baba yake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Zanzibar, kisha familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo wimbo ulioimbwa na mzaliwa wa Unguja ulivuka kwenda Marekani, ukakatwa kipande na Vanilla Ice, kijana aliyekuwa akitafuta mdundo wa kuchania, ukarudi pwani ya Afrika Mashariki ndani ya kaseti, na juu yake rap ya Kiswahili ikapata ushindi wake wa kwanza mkubwa. Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba mwaka huohuo wa 1991.

Vanilla Ice mwanzoni hakuwataja wenye besi. Wimbo ulipofika kileleni mwa chati za Marekani mwaka 1990, ukiwa wa kwanza wa rap kufika hapo, suala hilo likawa la wanasheria, na majina ya Queen na Bowie yakaongezwa kwenye orodha ya watunzi. Wengi huisimulia habari hiyo kama aibu ya Vanilla Ice peke yake. Kwangu ina uzito mwingine: inaonyesha kwamba mpaka kati ya rap na roki ulikuwa umeshatobolewa zamani, na waliotoboa ni kundi la vijana watatu kutoka Hollis, mtaa wa Queens, New York.

Kundi hilo ni Run-D.M.C.: Joseph Simmons aliyeitwa Run, Darryl McDaniels aliyeitwa D.M.C., na Jason Mizell, yule Jam Master Jay wa kwenye mashine za santuri. Kabla yao, rap nyingi iliyoingia studioni ilipigwa na bendi zilizofuata mapigo ya disko na fanki, laini, ya kuchezeka ukumbini. Run-D.M.C. waliikwangua mpaka mfupani: mashine ya ngoma, sauti mbili zinazopokezana kwa kishindo, basi. Kisha, kwenye albamu yao ya kwanza ya mwaka 1984, watayarishaji Larry Smith na Russell Simmons wakaweka juu ya mfupa huo gitaa la umeme la Eddie Martinez katika wimbo "Rock Box". Gitaa halikuwekwa pale kama pambo. Linalia kwa ukali, linajibu kila mstari, na ukilitoa, wimbo unabaki na nafasi tupu. Video yake ikawa miongoni mwa video za kwanza za rap kuonyeshwa MTV, kituo ambacho wakati ule kilikuwa na wasanii weusi wachache mno.

Januari 1985 wakatoa albamu ya pili na kuipa jina King of Rock, Mfalme wa Roki. Vijana wa rap, wenye kofia nyeusi na viatu vya Adidas visivyo na kamba, wanajitangaza wafalme wa muziki ambao redio na magazeti ya Marekani yalikuwa yameshaukabidhi kwa wazungu. Kwenye video ya wimbo wenye jina la albamu, wanafika mlangoni mwa jumba la makumbusho ya roki na bawabu anawazuia, akiwaambia kwamba hapo si mahali pao. Wanampita. Huko ndani wanazitazama picha za mashujaa wa roki bila unyenyekevu wowote, kama watu waliokuja kudai mali ya ukoo.

Na walikuwa na haki ya kudai. Chuck Berry aliyetoa "Maybellene" mwaka 1955 alikuwa mtu mweusi, Bo Diddley vilevile, na kabla yao Sister Rosetta Tharpe alipiga gitaa la umeme kanisani na kumbini kwa namna ambayo wengi walijifunzia kwake. Roki ilizaliwa kwa watu hao. Miaka thelathini baadaye wajukuu wao walihitaji kibali cha bawabu. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema King of Rock ilikuwa janja ya kuuza santuri kwa wazungu. Biashara ilikuwamo, hakuna ubishi, lakini dai lililokuwa ndani yake lilikuwa la kweli.

Kama albamu, hata hivyo, King of Rock ina mapengo. Nyimbo zake za gitaa zinarudia alichokifanya Martinez mwaka uliotangulia, na sehemu nyingine za albamu zinajaribu mambo mengine, ikiwemo rege pamoja na Yellowman wa Jamaika. Jaribio lilikamilika katika albamu ya tatu, Raising Hell, ya Mei 1986. Mtayarishaji Rick Rubin alijua kwamba marapa wa New York walikuwa na kawaida ya kuchana juu ya ngoma zinazofungua wimbo wa bendi ya Aerosmith wa mwaka 1975, "Walk This Way". DJ alikuwa na nakala mbili za santuri hiyo. Zile sekunde chache za ngoma zikiisha kwenye moja, anazianzisha kwenye nyingine, gitaa na mwimbaji hawapewi nafasi ya kuingia. Vijana wa Run-D.M.C. walikuwa wameuchania mdundo huo kwa miaka bila kujali waliopiga ni akina nani. Rubin akawaambia waimbe wimbo mzima, maneno yote, pamoja na wenyewe Aerosmith.

Hawakutaka. Run na D.M.C. waliona maneno yale ni upuuzi usioeleweka, na mara ya kwanza waliyatamka kwa shingo upande. Jam Master Jay ndiye aliyeona mbali kuliko wenzake. Aerosmith nao walikuwa katika kipindi kigumu, sifa imeshuka, dawa za kulevya zimewamaliza. Steven Tyler na Joe Perry walifika studioni New York bila hakika ya kilichokuwa kikiwangoja. Perry akapiga gitaa juu ya mashine ya ngoma, Jay akakwaruza santuri, Tyler akapaza sauti kwenye kiitikio. Wimbo ukafika nafasi ya 4 katika chati kuu ya Marekani, juu kuliko ulivyofika ule wa asili. Albamu ikauzwa mamilioni, na mwaka uliofuata Aerosmith wakarudi na albamu iliyowainua tena. Katika video, makundi mawili yanafanya mazoezi kwenye vyumba vilivyotenganishwa na ukuta, yakichokozana, mpaka Tyler anautoboa ukuta kwa stendi ya mikrofoni.

Baada ya hapo mlango haukufungika. Public Enemy walirudia "Bring the Noise" pamoja na bendi ya Anthrax mwaka 1991. Beastie Boys, waliotokea kwenye muziki wa panki kabla ya kuwa marapa, walishika tena ala zao kwenye Check Your Head mwaka 1992. Cypress Hill waliigawa Skull & Bones ya mwaka 2000 katika diski mbili, moja ya rap na nyingine yenye magitaa; The Roots, ambao tangu mwanzo ni bendi kamili, waliifungulia roki nafasi kubwa katika Phrenology mwaka 2002. Hata mtu wa ukanda wetu yumo. K'naan, aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Kanada, alimwita Kirk Hammett wa Metallica kupiga gitaa kwenye albamu yake Troubadour ya mwaka 2009.

Kwa nini basi kwetu Tanzania rap na roki hazikukutana namna hiyo?

Si kwa sababu roki haikufika. Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na bendi iliyoitwa Sunburst, vijana waliochanganya roki, soul na ngoma za Kiafrika, kwa Kiswahili na Kiingereza. Baadaye walielekea Zambia, ambako roki ya Kiafrika ilikuwa imeshamiri, na huko wakatoa albamu Ave Africa mwaka 1976. Ilichukua miaka arobaini mpaka kampuni ya Strut ya London ikakusanya kazi zao na kuzitoa upya mwaka 2016. Patrick Balisidya wa Afro 70 naye alikwenda Sweden mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 akarekodi Bado Kidogo pamoja na Archimedes Badkar, kundi la vijana wa Kiswidi waliotokea kwenye roki. Albamu hiyo inastahili kusikilizwa na kila mwanamuziki wa Kitanzania anayedhani kuchanganya muziki kulianza na kompyuta.

Lakini mazingira hayakuwa rafiki. Mwishoni mwa 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana. Na zaidi ya amri, kulikuwa na suala la vyombo. Gitaa la umeme, kikuza sauti, seti ya ngoma: vyote viliagizwa nje kwa fedha za kigeni. Waliomudu ni taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi na JKT wakawa na bendi zao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa la mwajiri, na ukiacha kazi unaliacha gitaa. Mfumo huo ulitupa dansi tamu ambayo bado tunaicheza. Haukuacha nafasi ya vijana wanne kujifungia gereji na kupiga kelele zao wenyewe, na roki bila gereji haikui.

Rap haikuhitaji gereji wala mwajiri. Ilihitaji kaseti yenye upande usio na maneno, na mtu mwenye la kusema. Ndiyo maana ilishika pale ambapo roki iliteleza. Gitaa na besi vilifika vikiwa tayari ndani ya kaseti, vimepigwa na watu wa mbali, na kijana wa Dar es Salaam akavipanda bila kulazimika kuvinunua. Baada ya Saleh Jabir wakaja Kwanza Unit, akaja Mr. II na Ni Mimi ya mwaka 1995, wakaja Hard Blasters na Funga Kazi mwaka 2000, na kila hatua maneno yalizidi kuwa yetu. Ala zilichelewa.

Aliyezichukulia hatua kwa ujasiri, kwa masikio yangu, ni X Plastaz wa Arusha. Kundi hili lilianza mwaka 1996, ndugu na marafiki chini ya Faza Nelly, na walipomkaribisha Yamat Ole Meipuko, mwimbaji wa Kimaasai, walifanya kile ambacho Run-D.M.C. walikifanya na gitaa la Martinez. Sauti nzito ya kooni ya Kimaasai haikuwekwa kando kama kionjo cha kuwafurahisha watalii. Iliingia katikati ya mdundo na marapa wakalazimika kuipisha. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya Kijerumani ya OutHere mwaka 2004. Nelly aliuawa mwaka 2006, na hip hop ya nchi hii ikapoteza mtu aliyesikia mbali. Miaka mitatu baadaye mwenzake Gsan alichana kwa Kiswahili kwenye tuzo za hip hop za BET huko Marekani.

Nayaandika haya nikiifikiria Kimuli. Kimuli ni kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, nchi ya migomba na kahawa kwenye pembe ambako Tanzania inapakana na Uganda na Rwanda. Mwaka 1991, Saleh Jabir aliposhinda, Tanzania Bara haikuwa hata na kituo kimoja cha televisheni. Vilianza mwaka 1994, pamoja na Radio One. Mwaka huo wa 1994, wakati Dar es Salaam ikisikiliza redio mpya, Karagwe ilikuwa ikipokea wakimbizi kwa maelfu kutoka Rwanda. Muziki wa mjini ulifika huku kwa kaseti zilizodurufiwa mara nyingi hadi sauti ikachakaa, kwa redio za betri, kwa vijana waliorudi likizo.

Lakini nchi hii ya Karagwe haikuwa ikingoja kufundishwa namna ya kunena juu ya mdundo. Wanyambo, wenyeji wake, kama jirani zao Wahaya, wanayo enanga. Ni ubao uliochongwa ukawa na uvungu kama chano kirefu, na juu yake uzi unapitishwa kwenda na kurudi mpaka kupatikana nyuzi saba au nane. Mpigaji huketi na ala yake, vidole vinarudia mchoro mmoja wa sauti, mfupi, usiochoka, na juu ya mchoro huo anasimulia. Haimbi moja kwa moja na hasemi moja kwa moja. Mstari unaanza juu, maneno yanabanana yakikimbizana, unamalizikia chini, na nyuzi zinajaza pale anapovuta pumzi. Hivi ndivyo tendi za mashujaa kama ule wa Rukiza zilivyohifadhiwa. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mzaliwa wa Kagera, aliutumia muda mwingi wa usomi wake kuzikusanya na kuzichambua, na alithibitisha kwa hoja nzito kwamba watambaji wa enanga ni watunzi wa tendi kwa maana kamili, wakati ambapo wapo wasomi wa Ulaya walioamini kwamba Afrika haina tendi.

Viko pia vivugo: mtu anasimama mbele ya mtawala au mbele ya watu, anajisifu kwa kasi, anataja ushujaa wake na anavyowashinda wengine, mistari inatoka bila kusita. Bwera­nyange, makao ya mtawala wa Karagwe, ambako wasafiri wa Uingereza Speke na Grant walipokewa na Rumanyika mwaka 1861, palisikia majigambo ya namna hiyo muda mrefu kabla ya yeyote wa Hollis kujiita mfalme wa chochote.

Nikisikiliza King of Rock baada ya kusikiliza enanga, ninachokisikia ni ujamaa wa njia. Kwenye zote mbili yupo mtu anayejivuna kwa maneno yaliyopimwa, na chini yake nyuzi zinazorudia jambo moja kwa ukaidi. Tofauti ni kwamba Run-D.M.C. walizitambua nyuzi za wazee wao wakazidai hadharani. Mwaka 2009 waliingizwa katika Jumba la Heshima la Roki la Marekani, na jumba la makumbusho la kweli, lililofunguliwa Cleveland mwaka 1995, halikuwa na bawabu wa kuwazuia. Jam Master Jay hakuwepo kuona siku hiyo. Alipigwa risasi studioni kwake Queens tarehe 30 Oktoba 2002.

Kagera imeshawahi kuonja heshima kama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli, binti wa Bukoba, aliiteka nchi nzima kwa "Maria Salome" akiimba Kihaya, na watu wa Lindi na Kigoma waliimba naye bila kuelewa neno. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliuchukua wimbo huo wakatengeneza "Salome". Nilifurahi kuusikia, na bado naona walichukua kiitikio wakaacha mengine mengi mlangoni.

Leo kijana wa Kyerwa mwenye kompyuta ndogo na mikrofoni anaweza kutengeneza albamu nyumbani. Midundo iko tele mtandaoni, mingi ikiwa na magitaa yaliyopigwa Atlanta au Lagos, na atachana juu yake vizuri tu. Ninachotamani kukisikia ni albamu ambayo mpigaji wa enanga ameitwa studioni kama Joe Perry alivyoitwa, akapiga kwanza, mashine ya ngoma ikapangwa kufuata mkono wake na si yeye kuifuata mashine. Mikrofoni iwekwe karibu na ubao, pale kwenye uvungu, ambako sauti ya chini ya nyuzi inatoka ikiwa nzito. Marapa waingie baadaye, na watakapomaliza mistari yao wasikate wimbo hapo. Wamwache mzee aendelee kupiga mpaka mwenyewe aone imetosha.